Longibodi: Kinga ya Kununua na Ile Unayoweza Kujitengenezea

Jioni za wikendi, kwenye miteremko ya lami ya kaunti yetu, utawaona vijana wakipanda kwa miguu wakiwa na mbao ndefu kwapani, kisha wakishuka wakiwa wamesimama juu yake. Chombo hicho ni longibodi. Ni ndugu ya sketibodi, ila ni ndefu zaidi, kwa kawaida sentimita 90 hadi 110, na magurudumu yake ni makubwa na laini kwa sababu iliundwa kwa safari na miteremko, si kwa kurukaruka kwenye ngazi. Wengi wa vijana hao wana ubao tu. Kichwani hakuna kitu, mkononi hakuna kitu, na mguuni ni slipa.

Makala haya hayakuandikwa kuwakataza. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti jukumu la michezo na viwanja vyake, na pia hospitali za kaunti na ambulensi. Kijana huyu ni wetu akiwa juu ya ubao, na ni wetu akiwa wodini. Sketibodi iliingia katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo mwaka wa 2021, na hapa nyumbani Kangemi, Nairobi, ina uwanja wake wa Shangilia. Swali linalotufikia kutoka kwa wazazi si tena kama mchezo huu ni wa maana. Wanauliza wanunue nini, na kama kuna kitu fundi wa mtaani anaweza kukitengeneza kwa bei ya chini.

Jibu fupi ni kwamba viko vingi, isipokuwa helmeti. Helmeti haitengenezwi nyumbani.

Ukiipasua helmeti nzuri ya baiskeli au sketi utakuta tabaka la povu gumu jeupe, kama lile linalofungiwa televisheni ndani ya katoni. Povu hilo ndilo linalofanya kazi. Kichwa kinapogonga lami, povu hupondeka, na wakati wa kupondeka huko hukifanya kichwa kisimame polepole kidogo badala ya kusimama ghafla. Ganda la nje la plastiki lipo ili helmeti iteleze kwenye lami badala ya kukwama na kupindisha shingo. Kipimo cha Ulaya kiitwacho EN 1078, ambacho kinahusu baiskeli, sketibodi na viatu vya magurudumu kwa pamoja, huiangusha helmeti ikiwa na kichwa cha bandia kutoka kimo cha karibu mita 1.5 juu ya chuma bapa. Hicho ni takriban kimo cha kichwa cha mtu aliyesimama anapoanguka kando. Kwa hivyo helmeti ya baiskeli yenye maandishi EN 1078 inafaa kabisa kwa longibodi ya mwendo wa kawaida. Kipimo cha Marekani cha helmeti za sketi ni ASTM F1492, na cha baiskeli ni CPSC. Tafuta mojawapo ya maandishi hayo kwenye kibandiko cha ndani.

Shida iko kwenye soko la mitumba na kwenye vibanda vya bei rahisi. Kuna helmeti zinazouzwa zikiwa ganda la plastiki na sponji laini tu ndani, bila povu gumu. Zinapendeza kwa macho, lakini kazi yake ni sawa na ya kofia ya kawaida. Ijaribu hivi: sukuma sponji ya ndani kando, kisha bonyeza kwa kidole gumba. Ukikuta kitu kigumu kisichobonyea kwa urahisi, hilo ni povu. Ukifika moja kwa moja kwenye plastiki, iache hapo hapo. Kama ni ya mtumba, geuza na uangalie povu lote kwenye mwanga. Ufa wowote, hata mwembamba kama unywele, au mahali palipobonyea, maana yake helmeti hiyo imeshamwokoa mtu mmoja na haiwezi kumwokoa wa pili. Povu la aina hii likipondeka halirudi. Ndani huwa pia kuna tarehe ya kutengenezwa, na helmeti iliyopita miaka kumi ni afadhali uiache.

Watu huuliza kuhusu helmeti ya mjengo. Hiyo imeundwa kuzuia tofali au nyundo inayoanguka kutoka juu, na mtu wa longibodi hugonga kisogo na upande wa kichwa. Isitumike. Helmeti ya bodaboda, ikiwa ni nzima na ina alama ya ubora ya KEBS, inakubalika. Ni nzito na ina joto, lakini ile inayofunika uso mzima ndiyo bora kwa yeyote anayeshuka kwa kasi ya kilomita 40 kwa saa na zaidi. Kidevu na meno hayana mbadala.

Helmeti nzuri iliyovaliwa vibaya nayo haisaidii. Ukingo wa mbele uwe vidole viwili juu ya nyusi, isiegemee nyuma kama kofia ya sherehe. Kamba zikutane chini ya sikio, na chini ya kidevu pabaki nafasi ya kidole kimoja au viwili. Ukitikisa kichwa, helmeti isibaki nyuma.

Baada ya kichwa, mikono. Mtu akianguka huinyoosha mikono mbele bila hata kufikiri, na hapo ndipo mfupa wa kifundo huvunjika. Anayeanza anahitaji kinga ya kifundo, ile yenye kipande kigumu cha plastiki kinachovuka kiganja hadi mkononi. Ukishaweza kugeuka na kusimama, kuna kifaa kingine ambacho ni cha longibodi hasa: glavu ya kuteleza. Mbinu ya kuweka mkono chini na kuzungusha ubao ili magurudumu yateleze kando na kupunguza mwendo inahusishwa na Cliff Coleman wa Berkeley, California, katika miaka ya 1970. Kwa kuwa mkono unaburuzwa kwenye lami, kiganja cha glavu hubandikwa kipande kinene cha plastiki inayoteleza.

Glavu hiyo ndiyo kitu cha kwanza ambacho sioni sababu ya mtu kuagiza kutoka ng'ambo. Unahitaji glavu za ngozi za wachomeleaji, ambazo kila duka la vifaa vya ujenzi linazo, velkro, gundi ya viatu na plastiki. Plastiki iwe ya aina inayotumika kwa mbao nyeupe za kukatia mboga jikoni, yaani polithini nzito. Ubao wa zamani wa jikoni wenye unene wa milimita 10 hadi 12 utatoa vipande vya watu kadhaa. Kama huna, fikiria mabomba meusi ya maji yenye mstari wa buluu, yanayolazwa kwenye miradi ya maji. Nayo ni polithini nzito. Bomba la kipenyo cha milimita 110 la shinikizo la PN16 lina ukuta wa milimita 10, na vipande vinavyobaki baada ya fundi kukata kwa kawaida hutupwa. Omba, usichukue bila ruhusa. Bomba likiwa la kipenyo kikubwa zaidi ni bora, kwa sababu kipande chake hakijapinda sana.

Kata mviringo wa kipenyo cha sentimita 8 au 9 kwa msumeno wa chuma. Lainisha kingo zote kwa tupa mpaka ziwe na mzunguko kama wa sabuni iliyotumika, kwa sababu ukingo mkali hunasa kwenye kijiwe na kuurudisha mkono nyuma. Kwaruza upande wa juu kwa msasa kabla ya kubandika velkro. Polithini haishiki gundi vizuri, kwa hivyo fundi wa viatu mwenye akili ataongeza skrubu fupi nne, vichwa vikiwa vimezama ndani kabisa upande wa velkro, na ncha zisitokeze upande wa pili. Velkro ya pili ishonwe kwenye ngozi ya kiganja kwa uzi wa nailoni. Gundi peke yake haitoshi. Kipande kikae kwenye sehemu ya chini ya kiganja, karibu na kifundo, mahali unapolalia uzito. Kikiisha unabandua, unaweka kingine.

Onyo moja kwa wanaopenda kuyeyusha plastiki. Mabomba ya kijivu na meupe ya maji machafu na ya nyaya za umeme ni ya PVC. Usiyachome wala kuyapasha moto ukiwa ndani ya nyumba, kwani hutoa gesi yenye asidi inayounguza mapafu. Hata hiyo polithini, ukitaka kuinyoosha kwa joto, fanya hivyo nje, kwa maji yanayochemka, si juu ya jiko la makaa.

Kinga za magoti na viwiko ni rahisi kuzielewa. Nje kuwe na kitu kigumu kinachoteleza, ndani kuwe na kitu kinachomeza kishindo, na vyote vikae mahali pake mtu akiburuzwa. Kinga za mafundi wa kuweka vigae zina mambo mawili ya kwanza, ila huteleza kuelekea mguuni kwa sababu hazikuundwa kwa mtu anayesogea. Mpelekee fundi cherehani akuongezee mkanda mpana wa lastiki juu na chini ya goti, au azishone kwenye soksi ndefu ya mpira iliyokatwa kidole. Kisha pima: piga goti taratibu kwenye sakafu ya saruji na ujiburute hatua moja. Ikihama, irudi kwa fundi. Nyonga husahaulika, ingawa anayeteleza kwa mkono chini akikosea huangukia nyonga kwanza. Slipa kuukuu zilizokatwa na kushonwa ndani ya kaptura ya kubana hufanya kazi nzuri kuliko sponji ya godoro, kwa kuwa sponji ya godoro hubonyea hadi mwisho mara moja na kuuacha mfupa ukutane na lami.

Sasa viatu, na hapa jua kali yetu ina ujuzi ambao wachezaji wa nchi nyingine hulazimika kujifunza upya. Breki ya kwanza ya longibodi ni mguu. Mchezaji husimama kwa mguu wa mbele na kuburuza soli ya mguu wa nyuma, ikiwa bapa, juu ya lami. Raba ya kawaida huisha baada ya wiki chache. Wachezaji wa ng'ambo huenda kwa mafundi kubandikiwa soli ya tairi. Sisi tumekuwa tukivaa akala tangu enzi za babu zetu. Mpelekee fundi wa akala raba yako ya kufunga kamba, inayoshika kifundo vizuri, aongeze tabaka la tairi chini, libandikwe na lishonwe pembeni. Mwambie achague tairi lisilo na nyaya za chuma. Matairi mengi ya magari madogo yana nyaya ndani ya uso wake, na soli ikiisha waya huanza kuchomoza. Hutoa cheche, hauna breki, na unaweza kuuchoma mguu. Tairi la pikipiki mara nyingi halina waya kwenye uso wake, lakini fundi akate na atazame kwanza. Akala zenyewe, kwa heshima yote, zisivaliwe juu ya ubao. Vidole viko wazi.

Tukija kwenye ubao wenyewe, kuna sehemu za kununua na sehemu za kutengeneza. Ekseli zake mbili, zile za aluminiamu zinazopinda ubao ukiinamishwa, zinunuliwe. Vijana wengine huchomelea vyuma vya mabaki, na kwenye uwanja wa shule vinaweza kudumu. Kwenye mteremko, weldi ikiachia hakuna nafasi ya pili. Magurudumu nayo yanunuliwe, ya urethani. Angalia namba mbili zilizoandikwa kwenye gurudumu. Moja ni kipenyo kwa milimita: 65 hadi 75 kinafaa barabara zetu. Nyingine ni ugumu, huandikwa kama 78A au 99A, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo gurudumu linavyokuwa gumu. La 99A ni la sakafu laini ya uwanja. Kwenye lami yetu iliyomwagiwa kokoto, 78A hadi 82A litapita juu ya kijiwe, ambapo lile gumu lingesimama ghafla na mchezaji aendelee na safari peke yake.

Beringi ni za ukubwa wa 608: shimo la milimita 8, kipenyo cha nje 22, upana 7. Ni saizi ya kawaida ya viwandani, kwa hivyo usikubali kuuziwa kama kitu cha ajabu. Duka la beringi mjini linayo. Unahitaji nane, mbili kila gurudumu, na kati ya hizo mbili kuwe na kijibomba kifupi ili nati ikikazwa isizibane. Ukichagua zenye kifuniko cha mpira, zilizoandikwa 2RS, zitastahimili vumbi kuliko zenye kifuniko cha bati, ZZ. Zikianza kulia, zioshe kwa mafuta ya taa, ziache zikauke kabisa, kisha tone moja la mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia huganda na kukusanya mchanga.

Ubao ndio kazi ya seremala, na mwanafunzi wa useremala katika chuo cha ufundi anaweza kuutengeneza kwa siku mbili. Chukua plaiwudi ya nje, ile iliyogundishwa kwa gundi isiyoogopa maji, vipande viwili vya milimita 6. Nyuzi za tabaka la nje ziende kwa urefu wa ubao, si kwa upana. Kosa hili ndilo linalovunja mbao nyingi katikati. Paka gundi, bana kwa klampu au rundika mawe mazito usiku kucha, ukiweka kijiti chembamba chini ya kila mwisho kama unataka ubonyee kidogo katikati. Tumia bamba la ekseli yenyewe kama kipimo cha kutoboa mashimo, kwa sababu kuna mpangilio wa zamani na wa sasa na hutofautiana kwa milimita chache. Pitisha mstari wa katikati kwa rula ndefu. Ekseli zikikaa upande, ubao utavuta kulia au kushoto milele. Juu bandika msasa mgumu wa gredi 60 au 80. Kabla ya kushuka popote, weka ubao juu ya matofali mawili, pale ekseli zitakapokuwa, na mtu mzito zaidi nyumbani asimame katikati na kuruka kidogo. Ukilia, ni kuni.

Jambo moja wanaojitengenezea hulikosa: ubao ukiinamishwa sana, gurudumu linaweza kugusa ubao. Likigusa, linasimama papo hapo. Inamisha ubao kwa mikono hadi mwisho kila upande na utazame. Likikaribia, weka kipande cha mpira au cha ile polithini, milimita 3 hadi 6, kati ya ekseli na ubao, na ununue bolti ndefu zaidi kwa kiasi hicho hicho. Nati zote ziwe zile zenye pete ya plastiki ndani, zisizofunguka kwa mtetemo. Nati ya gurudumu ni nusu inchi, spana ya 13 inaiweza. Ile kubwa ya katikati ya ekseli ni 9/16, na spana ya 14 haitaingia, kwa hivyo usipoteze muda kuilazimisha.

Haya yote hayambadilishii mtu barabara. Longibodi ikienda kilomita 30 kwa saa inakula zaidi ya mita 8 kila sekunde. Matatu ikitokea konani mita 40 mbele yako kwa kilomita 50 kwa saa, mtakutana kabla ya sekunde mbili kuisha. Kwa hivyo chagua mteremko unaoonekana wote kutoka juu hadi chini na unaomalizikia mahali tambarare. Weka mtu chini mwenye jaketi linalong'aa na ishara mliyokubaliana. Baki kushoto. Usishuke giza likiingia, na usishikilie lori ili likuvute kupanda, hata kama dereva ni mtu wa kwenu, kwa sababu yeye hakuoni.

Mtu akianguka na kuchubuka, osha kidonda kwa maji safi yanayotiririka na sabuni mpaka changarawe yote itoke, funika, na uende kituo cha afya kuuliza kuhusu sindano ya pepopunda. Kifundo kilichovimba na kuuma ukikibonyeza kipigwe eksirei hata kama vidole vinasogea. Aliyegonga kichwa asirudi juu ya ubao siku hiyo, hata akisema yuko sawa. Akitapika, akichanganyikiwa, akisinzia isivyo kawaida, au mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, piga 999 au 112 mara moja. Akilalamika shingo, msimwinue wala msimvue helmeti kwa haraka. Mwacheni alale alivyo, mmoja ashike kichwa kisigeuke, na wengine wasimamishe magari mpaka msaada ufike. Asiye na dalili yoyote alale nyumbani akiwa na mtu wa kumwangalia usiku ule.